Mazoezi ya Kumwendea Dubu

Mshale ulipenya ukuta wa makuti saa za alasiri, mtoto amelala. Alikuwa na siku thelathini na nne duniani. Mimi nimekaa mkekani pembeni yake nakunja nepi, na nilichosikia ni mchaniko mdogo tu, kama mtu aliyekanyaga kikapu. Nilipoinua macho nikaona manyoya mekundu yanatikisika kwenye mto tuliomwekea mtoto upande wa ukutani. Ncha ilikuwa imetokezea upande wa pili, upande wake yeye, kiasi cha kidole gumba. Mtoto hakuamka.

Mume wangu aliingia mbio, uta ungali mkononi. Akatazama sakafuni, akatazama juu, akatazama kwenye kasha langu la nguo. Halafu akauliza:

"Umeingilia wapi?"

Hakuuliza mtoto yuko vipi. Mtoto alikuwa mbele ya miguu yake, ndani ya chandarua. Aliuliza habari za mshale.

Nikamwonyesha kwa kuuchomoa. Ulitoka na sufi za mto zimeung'ang'ania. Nikauweka juu ya goti, nikauvunja vipande viwili. Ulikuwa wa mti, haukunipa tabu. Yeye akanyoosha mkono, lakini keshachelewa.

"Huo ndio ulionyooka kuliko yote," akasema.

Mpaka siku ile nilikuwa nimenyamazia mengi. Siku ile niliacha kunyamaza, na sijarudia tena, waulizeni majirani.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na tulivyotoka kila mtu anajua, sitaki kuyarudia. Nilikuwa msichana wa skuli ya sekondari, daftari zangu zimebaki mezani. Maskati nikaja nikaolewa na kijana wa Kiunguja kama mimi, karani katika ofisi ya wakala wa meli. Tukakaa na mama yake nje ya ukuta wa mji: chumba kimoja cha mawe, cha mama mkwe, chumba kimoja cha makuti ya mtende, chetu, jiko, na kiwanja katikati, kidogo hivyo kwamba ukipiga chafya jikoni, aliye mlangoni anakuombea rehema. Kiwanja hicho ndicho kilichogeuzwa msitu wa dubu.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechekwa, na hilo wakati mwengine ni baya zaidi. Huko Unguja alikuwa msasi. Walikuwa wakenda kundi zima na mbwa na mikuki kuwasaka nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo ya watu, na wakirudi wanapita katikati ya njia, watoto nyuma yao. Maskati hakuna mihogo wala nguruwe. Vijana wa ofisini, waliozaliwa huku, walikuwa wakimwita bibi harusi kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa laini na dishdasha yake haikukosa pasi hata siku moja. Alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia huku anacheka. Kicheko chenyewe nilikijua hakikuwa kicheko.

Halafu mzungu mmoja mpima ardhi akawa anaondoka zake, akagawa vitu vyake kwa watu waliomshughulikia mizigo. Mmoja alipata jiko la mafuta ya taa. Mwengine alipata meza. Mume wangu alipata uta wa kwao, mrefu kama mlango, mishale kumi na miwili, darubini, na kitabu cha Kiingereza cha kuwafundisha watu namna ya kuwawinda dubu weusi kwa mshale. Laiti angelipata meza.

Hapo bado tungelinusurika, maana Maskati haina dubu. Lakini alikuwa na rafiki yake, askari wa Kibaluchi, mtu mzima mpole aliyekuja kwetu kunywa kahawa. Huyo ndiye aliyemwambia kuwa ng'ambo, kwenye milima ya wajomba zake, dubu weusi wapo. Wakati wa tende mbivu hushuka, hula tende, hubomoa mizinga ya nyuki, na mjomba wake angemshukuru mtu yeyote atakayemwondolea mmoja. Meli ya huko inapita bandarini, na mume wangu ndiye anayeandika orodha za abiria wake. Bunduki ina maswali mengi, kuitoa huku na kuiingiza kule. Uta haumo kwenye karatasi yoyote.

Nilimwuliza, "Utamla?"

"Haliwi."

"Basi unamtakia nini?"

Akazungusha kikombe cha kahawa. Akasema ataileta ngozi, ataitandika kwenye kiti chake cha ofisini, aikalie mbele yao.

Sasa hapa sina budi niseme la kweli, kwa sababu wengi wakilisimulia jambo hili hunifanya mimi malaika. Kitabu kile nilikisoma mimi. Kiingereza cha mume wangu kilikuwa cha mizigo na mabaharia. Changu kilikuwa cha darasani. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba kama mikate ya mofa, na baada ya chakula cha mchana nilikuwa nikikaa chumbani kwa mama mkwe namfasiria: unapanda mahali pa juu na darubini, unamtafuta dubu kwa mbali, unamtazama anakokwenda. Ukishamwona unamwendea kwa miguu, polepole, upepo ukupige usoni, usimpige yeye. Macho yake si makali sana, lakini pua yake ni balaa. Unamsogelea mpaka hatua ishirini. Unangoja akupe ubavu. Nilikuwa nasoma na huku nacheka, na nakiri ilikuwa starehe. Tangu skuli hakuna mtu aliyenitaka nimsomee kitu.

Mume wangu yeye hakucheka. Alianza mazoezi siku ya pili.

Kwanza alipanda juu ya dari ya chumba cha mama yake na darubini. Akatazama milima. Nasema akatazama milima kwa sababu nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Alikuwa akitafuta mbuzi weusi kwenye majabali, anahesabu ni wangapi, halafu anateremka kuniambia. Lakini baina yake na milima kulikuwa na madari ya watu, na juu ya madari yale wanawake wanaanika nguo, wanasuka nywele, wanaota hewa vichwa wazi. Jirani wa kwanza alikuja kuniuliza, kwa adabu zote, kama mume wangu ameshauona mwezi wa Ramadhani, maana bado miezi minne. Wa pili hakuwa na adabu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikutana nao kisimani. Nilimwambia ateremke. Akasema kitabu kinataka saa nzima kila siku, macho yazoee.

Kisha akaanza kunyatia. Alivua viatu akatembea juu ya changarawe za kiwanjani bila ya kutoa sauti, na wa kunyatiwa alikuwa mbuzi wangu, mbuzi jike niliyepewa na shangazi yangu ili nipate maziwa nikijifungua. Mtu mzima, karani, amejikunja nyuma ya pipa la maji. Mbuzi alimtazama tu, anatafuna. Mama mkwe alikuwa anachagua mchele mlangoni, akasema bila ya kuinua kichwa:

"Mwanangu, mbuzi keshakuona tangu jana."

Nilijifungua katikati ya mambo haya. Mtoto wa kiume, mzima, mapafu yake mazima zaidi. Nilimzaa bila ya mama yangu. Mama yangu alibaki Unguja, barua zilikuwa zikija moja kwa miezi sita nazo zimefunguliwa. Alilonifundisha kuhusu arubaini, siku za mzazi kukaa ndani, nilikuwa nalo kichwani tu, lakini mama mkwe, nampa haki yake, alilijua lote: uji wa pilipili manga, kukandwa kwa maji ya moto, uwatu, na jioni kabla ya magharibi chetezo cha udi na ubani, nikae juu yake nimejifunika shuka, moshi unipande mwilini, kisha nguo za mtoto zifukizwe moja moja. Nilikuwa nafumba macho ndani ya shuka ile niko kwetu. Sijui namna nyengine ya kulisema.

Siku ya tisa mume wangu alisimama mlangoni, akanusa. Nguo zake za kuwindia alikuwa amezitia guniani pamoja na mchanga wa bondeni na majani ya migunga, zipate harufu ya mlima. Ndivyo kilivyosema kitabu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea. Sasa udi wetu ulikuwa umepita kwenye makuti ukaziingia. Dubu atamnusa kutoka ng'ambo ya bonde.

Alitwambia tusifukize mpaka asafiri. Vitunguu thomu navyo basi, na uwatu upikwe nje. Aliyasema kwa upole, ndiyo maana sikuamini masikio yangu. Halafu akakichukua chetezo kutoka chini ya kiti changu, makaa yamewaka, akakitoa kiwanjani, akakimwagia mchanga.

Nilibaki nimekaa ndani ya shuka, nanuka nusu.

Na kupiga mishale ndiko kulikokuja mwisho. Kitabu kilieleza wazi, na ukurasa ule nilimsomea mara mbili: nyuma ya shabaha pawe na kilima cha mchanga, na pasiwe na nyumba wala mtu. Nilimwambia aende bondeni. Akasema bondeni kuna wapita njia, na kuna askari wa lango watakaotaka kujua anapigana na nani, na vijana wa ofisini watakuja kumtazama akikosa. Kumbe ndilo lenyewe. Alikuwa anaona haya kukosa mbele ya watu. Kiwanjani hapana wa kumcheka ila mama yake.

Akashindilia gunia majani makavu ya mifugo, yale ya kijani watu wa hapa wanayaita qati, akalishindilia mpaka likawa gumu kama gogo. Nyuma hakulishona, ili apate kuingiza mkono kuisukuma mishale itoke. Akalitundika kwenye boriti iliyotokeza nje ya paa letu. Nyuma ya gunia, nafasi ya mtu kupita kiubavu. Nyuma ya nafasi hiyo, ukuta wetu. Nyuma ya ukuta, mimi na mtoto.

Nilimwambia. Nilimwambia jikoni na nilimwambia kitandani. Alinipigia gunia kofi nisikie lilivyojaa, akasema hata risasi haipiti.

Akaanza kupiga kila alasiri akitoka ofisini. Siku za mwanzo mshale ulikuwa ukiingia kiasi cha shibiri. Kisha ukaingia mpaka nusu. Kisha ukawa unazama mpaka kwenye manyoya, na mume wangu anakuja kula kifua mbele, anatukunjia mkono tuushike. Kitabu kilisema nguvu za kuvuta uta huja baada ya wiki tatu. Kwake zimekuja mapema. Mama mkwe akamshika mkono, akasema mashallah. Wiki hiyo hiyo maziwa ya mbuzi yaliongezeka, na mama mkwe akayasifu maganda ya ndizi anayompa.

Siku ya thelathini na mbili, mchana, mume wangu yuko kazini, nilitoka kiwanjani na mtoto begani. Mbuzi alikuwa amesimama katika ile nafasi ya nyuma ya gunia, kichwa kimezama ndani ya majani mpaka mabegani. Anakula kwa raha zake. Gunia kwa mbele limenenepa vilevile, kumbe ndani limebaki ganda.

Ningeweza kumfukuza. Ningeweza kumwambia mume wangu akirudi. Nilisimama pale nikacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya chetezo, nikasema moyoni: mwache. Mwache apige, gunia limtoke mbele ya mama yake, ajue nguvu zake zilikuwa tumboni mwa mbuzi. Nikarudi ndani. Nilidhani mishale itaanguka chini. Kwa nini nilidhani hivyo, na mimi ndiye niliyesoma kitabu, sijui. Hasira zilinifanya mjinga kama yeye. Siku ya pili alikwenda bandarini kupokea meli, hakupiga. Siku ya tatu ndiyo ile.

Nilipokwishauvunja mshale nilimwambia kesho nakwenda kwa liwali. Akacheka kidogo.

"Utakwenda kusema nini? Mume wangu anawinda?"

"Ntasema nlichokiona."

"Bibi we, arubaini hujamaliza. Utatokaje?"

Hilo alilikumbuka. Udi wa arubaini alikuwa ameuzima, lakini siku zake alikuwa anazihesabu vyema. Akamweleza mama yake kuwa mshale umeteleza, na kwamba ataongeza gunia la pili. Mama mkwe aliuchukua mto, akatia kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili. Akauweka chini, akaenda kusali.

Asubuhi, mume wangu alipoondoka, nilimfunga mtoto, nikauchukua mto, nikavaa buibui. Nilimkuta mama mkwe mlangoni keshavaa lake.

"Nakwenda kukusindikiza," akasema. "Sendi kukusaidia."

Tulipita lango la mji. Nilikuwa nakwenda polepole, maana sikuwa nimetembea mbali tangu kuzaa. Kwenye baraza ya liwali palikuwa na wanaume watupu, wamekaa kwenye kivuli na kesi zao za visima na mitende. Karani wa baraza alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniuliza yuko wapi mtu wa kunisemea. Nikamwambia wa kunisemea ndiye ninayemshitaki. Akauliza kaka. Sina. Baba. Marehemu. Akaanza kuikunja karatasi yake, na wale wanaume wawili watatu wa karibu wakageuza vichwa kunitazama kama chombo kilichopakuliwa bandari siyo.

Basi mama mkwe, ambaye hakuja kunisaidia, akasogea mbele.

"Mimi ni mama wa mshitakiwa," akasema. "Andika."

Karani akaikunjua karatasi. Akauliza nani kaumia. Hakuna. Nani kafa. Hakuna. Akasema basi hapana shauri. Mshale ni wa mtu, nyumba ni ya mtu, mtoto ni wa mtu, na mtu ni mmoja. Nikaweka mto mbele yake. Akaugeuza, akaupekua tundu, akaurudisha. Akaniuliza, kwa huruma nadhani, kama pana jengine lolote juu ya mtu huyu. Nikamwambia habari ya darubini.

Akavua miwani. Juu ya dari? Kila siku? Akasema hilo nimwachie yeye, ataliingiza kabla ya adhuhuri, na kabla ya alasiri askari watakuwa mlangoni kwetu, maana hapo pana heshima ya watu. Nikamwambia mimi sikuja kwa ajili ya vichwa vya majirani. Akasema binti yangu, unataka kusikilizwa au hutaki? Aliandike hilo moja tu, la mshale tuliache.

Nikamwomba kalamu. Akanipa, naona zaidi kwa kustaajabu. Niliandika kwa Kiarabu changu cha darasani, kila herufi imekaa kitako, huku mama mkwe amempakata mtoto ananifanyia kivuli. La udi sikuliandika. Lile halikuwa la liwali. Haya ndiyo niliyoyaandika:

"Kwa mheshimiwa liwali, baada ya salamu.

Mimi ni mke wa karani wa wakala wa meli. Tunakaa nje ya ukuta, nyuma ya kisima. Namshitaki mume wangu.

Jana alasiri alipiga mshale kiwanjani mwetu. Ukapita kwenye gunia, ukapita kwenye ukuta wa makuti, ukaingia kwenye mto wa mwanawe mwenye siku thelathini na nne. Mto nimeuleta. Hakuna aliyeumia. Sikungoja aumie ndiyo nije.

Gunia lilikuwa limeliwa ndani na mbuzi. Mbuzi ni wangu. Nilimwona siku mbili kabla, nikanyamaza kwa hasira. Hilo ni kosa langu, naliandika mwenyewe. Lakini mahali pa kutundika gunia hakuchagua mbuzi wala sikuchagua mimi, na nilikwishamkataza.

Mume wangu pia hutazama kwa darubini juu ya dari. Hutazama milima. Nimeambiwa hapa kwamba hili ndilo litakalosikilizwa. Nimeliweka la mwisho kwa sababu ni dogo.

Siombi afungwe, siombi kuachwa, na siombi azuiwe kwenda kwa dubu wake. Naomba mawili. Uta wake na mishale kumi na mmoja iliyobaki ichukuliwe leo, ikae kwa askari wa baraza, apewe siku ya safari, bandarini, si nyumbani. Na gunia aliondoe ukutani kwangu kabla ya alasiri, kwa mikono yake.

Nimeandika mwenyewe, na akili zangu ninazo.

Shahidi: mama wa mshitakiwa. Ametia kidole."